Kasha la Barafu Ndani ya Boti Ndogo ya Uvuvi

Samaki anayevuliwa katika mkondo wa bahari kati ya Unguja na Bara huingia botini akiwa na joto la bahari yenyewe, nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi kulingana na msimu. Mara anapokufa, vimeng'enya vya tumboni huanza kuila nyama kutoka ndani, na bakteria waliokuwa kwenye ngozi, mashavu na utumbo huzaana bila kizuizi. Mambo yote mawili huongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Kwa kanuni inayotumika sana katika elimu ya samaki, aliyewekwa kwenye nyuzi 10 huharibika upesi mara nne kuliko aliyewekwa kwenye sifuri, na kwenye nyuzi 20 mara tisa. Saa moja ya kukaa kwenye nyuzi 20 hula saa tisa za maisha ambayo samaki angeyapata barafuni. Samaki wa bahari za joto ana bahati moja: bakteria wake hawakuzoea baridi, na wakifikishwa sifuri hulemaa. Changu au chewa aliyepozwa mapema na vizuri huweza kukaa wiki mbili na zaidi akiwa bado analika. Akiachwa juu ya mbao za boti chini ya jua, hafiki jioni.

Pwani ya Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe, ina sababu yake ya kuihitaji barafu ndani ya chombo chenyewe. Vyombo vya uvuvi vya ukanda huo, kuanzia Mazizini hadi Chukwani, ni ngalawa, mashua na boti za faiba zenye mashine ya nyuma, karibu zote zikiwa wazi bila sitaha. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita nne hivi. Maji yakitoka, mchanga na miamba hubaki wazi kwa masafa marefu, na chombo kinachorudi wakati huo hakifiki ufukweni. Nahodha ama hutia nanga nje akangoja maji, ama mabaharia hubeba samaki mabegani kuvuka tope. Kusubiri huko kwaweza kuchukua saa kadhaa, na huja baada ya usiku mzima wa kuvua. Kisha huja safari ya gari hadi Darajani au diko la Malindi, na zamu ya mnada. Mnunuzi wa mnadani hutazama jicho na kufunua shavu kabla hajatamka bei, kwa hiyo kila saa iliyopotea nje ya Mbweni inaonekana mbele yake.

Kabla ya barafu, watu wa pwani waliushinda uozo kwa jua, moshi na chumvi. Ng'onda wa pweza, samaki wa kubanikwa, papa na nguru wa chumvi walioletwa na majahazi ya Arabuni kwa upepo wa kaskazi, vyote ni kazi ya ustadi mkubwa, na wavuvi waendao dago bado huchukua chumvi pamoja na nyavu. Lakini kukausha hugeuza samaki kuwa bidhaa nyingine yenye soko lake. Anayetaka bei ya samaki mbichi, hasa ile ya mahoteli, hana njia isipokuwa baridi.

Swali la kwanza la mwenye chombo huwa ni mashine au barafu, na hesabu hulijibu haraka. Kilo moja ya samaki hutoa kilojuli 3.5 hivi ili kushuka nyuzi moja. Kilo 100 za samaki kutoka nyuzi 29 hadi sifuri ni kilojuli 10,000 na kidogo. Ili mashine iifanye kazi hiyo kwa saa 12, lazima ivute joto la wati zaidi ya 230 bila kupumzika, mbali na joto linalopenya kutoka nje. Kompresa za volti 12 za mafriji ya boti za starehe zimeundwa kutunza ubaridi wa vyakula vilivyokwisha kupoa, na mzigo wa samaki vuguvugu huzishinda. Betri ya ampea-saa 100 nayo hubeba kilowati-saa 1.2 tu, na ile ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Paneli za jua zaweza kuongezwa, lakini boti ya mita saba iliyojaa nyavu na watu haina pa kuzitandika.

Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza kilojuli 334. Kazi ile ile ya kupoza kilo 100 za samaki hufanywa na kilo 30 za barafu, bila waya, bila gesi, bila kitu cha kuharibika katikati ya bahari. Barafu ina faida nyingine mbili ambazo mashine ndogo haina. Maji yake ya sifuri hutiririka juu ya samaki na kuvuta joto upesi kuliko hewa baridi. Tena inapoyeyuka hubaki kwenye sifuri, kwa hiyo samaki hapozwi kupita kiasi hata nyama yake ikaganda nusu nusu na kuharibika. Kwa boti ya ukubwa wa zile za Mbweni, kuongeza hifadhi ya baridi ni kujenga kasha zuri la barafu, na neno zito hapo ni zuri.

Hapa ndipo fedha nyingi za wavuvi hupotea. Chukua kasha lenye nafasi ya ndani ya urefu wa sentimita 100, upana 60 na kina 50, yaani lita 300, linalotosha kilo 100 za samaki na barafu yao. Likijengwa kwa mbao tupu za unene wa sentimita 2.5, na nje kukiwa na nyuzi 30, joto linalopenya kwa siku moja huyeyusha takribani kilo 80 za barafu. Likiwekewa ndani ya kuta zake stairofomu ya unene huo huo, hasara hushuka hadi kilo 30 na kidogo. Kwa povu gumu la poliurethani la sentimita 5 huwa kilo 12, na kwa sentimita 7.5 huwa kilo 9. Hesabu hizi ni za kivulini, mfuniko ukiwa umefungwa. Juani, na kasha likifunguliwa kila samaki anapopanda, huongezeka kwa nusu au hata maradufu. Kasha la mbao tupu linakula barafu nyingi kuliko samaki wote watakaotiwa humo. Mvuvi aliyelinunua hununua barafu kila siku ili kupoza mbao.

Ukizidi kuutazama mfululizo huo wa namba, unaona pia pa kusimama. Kutoka mbao tupu hadi povu la sentimita 5 faida ni kubwa mno. Kutoka 5 hadi 7.5 faida ni kilo tatu kwa siku, na kutoka hapo kwenda 10 ni ndogo zaidi, huku kasha likinenepa na kula nafasi ya watu. Kwa safari za usiku mmoja, sentimita 5 hadi 7.5 ndizo zinazofaa. Sakafu na mfuniko vipewe unene mkubwa kidogo, kwani mfuniko hupigwa na jua moja kwa moja na sakafu iko jirani na ngama yenye maji vuguvugu.

Vifaa vinavyopatikana Unguja vinatosha, ila kila kimoja kina mtego wake. Povu la poliurethani, la vipande au la kumimina, ndilo bora kwa kuzuia joto. Stairofomu ni rahisi zaidi, lakini resini ya poliesta inayotumika kwa faiba huiyeyusha: fundi akiipaka moja kwa moja, huona kuta zikinywea mbele ya macho yake. Stairofomu lazima ifunikwe kwanza kwa plaiwudi, au itumiwe resini ya epoksi. Sponji la godoro halifai kabisa, maana hunyonya maji. Makumbi makavu ya nazi na vumbi la mbao huzuia joto kwa kiasi fulani, na zamani yametumika sehemu nyingi, lakini yakilowa kazi yake imekwisha. Jambo hili la kulowa lina uzito kuliko uchaguzi wa povu wenyewe. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu kavu, kwa hiyo ukuta uliokunywa maji hubaki ukuta wa macho tu.

Njia ya mkato inayoonekana katika bandari nyingi za Afrika Mashariki ni kulaza mwili wa friji au friza bovu ndani ya boti. Povu lake ni la kiwandani na limefungwa vizuri, na kwa mwenye mtaji mdogo hilo ni kasha la kweli, linaloshinda deli la plastiki la ukuta mwembamba. Udhaifu wake ni bati. Chumvi hulitoboa katika muda mfupi, maji huingia kwenye povu, na kingo zenye kutu huchana mikono na samaki. Friza la mfuniko wa juu lina nafuu kuliko friji la mlango, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hubaki chini mfuniko unapofunguliwa.

Kasha la kujengwa huanza na fremu ya mbao ngumu na plaiwudi inayostahimili maji. Povu hukatwa likae bila mwanya, na maungio ya tabaka la kwanza hayapangwi juu ya maungio ya tabaka la pili. Ndani hupakwa mkeka wa faiba na resini, tabaka mbili au tatu, na pembe zote huviringishwa ili uchafu usipate pa kujificha. Rangi ya ndani iwe nyeupe, ionyeshe damu iliyosahauliwa. Nje pia iwe nyeupe, maana mfuniko wa rangi ya giza chini ya jua la adhuhuri huwa na joto kubwa kuliko hewa inayouzunguka. Msumari wowote unaotoboa kutoka ndani hadi kwenye povu ni mlango wa maji. Bawaba na vipini hufungwa kwenye vipande vya mbao vilivyotangulia kupachikwa ukutani, na kila tundu hujazwa resini kabla ya skurubu kuingia. Mfuniko hugawanywa mara mbili, ili kufungua upande mmoja kusiache baridi yote ikapotea, na ukingo wake huwekewa mpira laini unaobanwa na kufuli za kuvuta.

Kuliweka kasha ndani ya chombo ni kazi ya fundi wa boti zaidi ya fundi wa makasha. Likiwa tupu lina kilo 50 hadi 70. Likijaa samaki na barafu huvuka kilo 250, uzito wa watu wanne wazima waliokaa mahali pamoja bila kuhama. Lazima likae chini na katikati ya upana, juu ya mkuku. Kwa urefu, boti yenye mashine na tangi la mafuta kwenye tezi hulitaka kasha mbele kidogo ya katikati, la sivyo tezi itazama na omo itanyanyuka, na boti itakuwa nzito kuliendea wimbi. Katika mashua ya tanga, kasha laweza kushika nafasi ya sehemu ya farumi. Hilo linataka hadhari, kwa kuwa farumi haibadiliki uzito, ilhali kasha huenda tupu au limejaa kulingana na riziki ya siku.

Miguu ya kasha hukaa juu ya mataruma, kamwe si juu ya mbao za ubavu, maana ubao uliobebeshwa mzigo kati ya taruma mbili hufungua kalafati yake mawimbi yanapogonga. Kwenye boti ya faiba, mzigo hubebwa na mihimili ya sakafu. Kati ya kasha na ubavu huachwa nafasi ya vidole vinne hivi, na chini yake njia ya wazi, ili maji ya ngama yapite hadi yanapokombwa na mkono ufike kusafisha. Mafundi wenye haraka huliziba kasha ubavuni lionekane zuri, na baada ya msimu mmoja mbao zilizo nyuma yake zinaoza bila mtu kujua. Mwisho kasha hufungwa kwa mikanda au skurubu kubwa. Kasha lililolegea katika bahari ya kusi huweza kupindua chombo kwa kuteleza kwake tu. Likifungwa imara, na mfuniko wake ukiwa umebana, povu lake husaidia kuibeba boti iliyojaa maji.

Kuna jambo la maji ya barafu. Barafu ikiyeyuka, maji hayo hubeba damu, utelezi na bakteria, na samaki wa chini wakilala humo huharibika wa kwanza. Sakafu ya kasha hupewa mteremko mdogo kuelekea tezi, sentimita mbili kwa urefu wa mita, na juu yake chanja ya plastiki au ya mbao iliyopakwa faiba. Penye mwisho wa mteremko huwekwa bomba lenye kizibo. Lakini baharini bomba hilo lina kasoro: katika boti isiyo na sitaha, sakafu ya kasha kwa kawaida iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo bomba la kutoboa ubavuni halitoi maji bali huyaingiza. Kuyaachia maji hayo kwenye ngama nako ni kuijaza boti nzima uvundo usiotoka. Njia safi ni kuchimba kishimo kidogo kwenye pembe ya kasha na kuyavuta maji kwa pampu ya mkono hadi nje. Yasiachwe yakawa mengi: maji yanayoyumba ndani ya kasha pana huyumbisha na boti. Ukuta mmoja wa kugawa katikati hupunguza mwendo huo, na hutenganisha samaki wakubwa na wadogo.

Barafu yenyewe huanza safari yake nchi kavu. Kati ya Malindi na Mbweni barabara haifiki kilomita 10, lakini barafu iliyobebwa wazi kwenye gari mchana hufika imepungua na imelowa. Ifunikwe kwa magunia na turubai, au ichukuliwe alfajiri. Barafu ya bonge hudumu kuliko ya kusagwa na huchukua nafasi ndogo, ila lazima ipondwe vipande vidogo kabla ya kutumika, kwani pembe kali hutoboa ngozi na bonge kubwa haliwagusi samaki vya kutosha. Sehemu yake itiwe kasha saa kadhaa kabla ya kuondoka, ili kuta zipoe kwanza. Kasha lililoshinda juani lina joto lake lenyewe, na joto hilo likingojwa baharini, ni barafu ya samaki itakayolipia.

Kipimo kinachopendekezwa kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Wengi hukiona ni ubadhirifu, lakini kinahesabika. Kwa kilo 100 za samaki, 30 ni za kuwapoza. Kuta za povu la sentimita 5 juani hula 18 au zaidi kwa siku, na mfuniko unaofunguliwa mara kwa mara huongeza. Njiani kutoka kiwandani hupotea sehemu nyingine, na barafu lazima iwe bado inaonekana juu ya samaki boti inapongoja maji kujaa nje ya Mbweni na gari linapokwenda mnadani. Mwenye kasha zuri na safari ya usiku mmoja anaweza kushuka hadi kilo 70. Mwenye kasha bovu hana kiasi kitakachomtosha.

Upangaji hufuata tabaka: barafu chini, samaki, barafu, samaki, na barafu nyingi juu. Samaki wasirundikwe kina cha kupita nusu mita, wa chini wasipondeke. Samaki mkubwa kama nguru au kolekole hutolewa damu na utumbo kwanza, na tumbo hujazwa barafu, kwani baridi huchelewa sana kufika kwenye mfupa wa samaki mnene. Tasi huhitaji haraka kuliko wengi, sababu hula mwani na majani ya bahari, na utumbo wake hupasuka mapema ukanukisha nyama. Vibua na dagaa, walio wadogo na wengi, hupoa vizuri zaidi katika mchanganyiko wa barafu na maji safi ya bahari, ambao kwa ajili ya chumvi hushuka kidogo chini ya sifuri na kuwazunguka pande zote. Maji hayo yachotwe nje, mbali na ufukwe na bandari.

Jodari, nguru na vibua wana hatari ambayo pua haiinusi. Wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza asidi-amino moja ya nyama yao kuwa histamini, sumu inayoleta wekundu wa uso, vipele, kuumwa na kichwa na kutapika. Histamini haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Samaki aliyekosa barafu saa za mwanzo akatiwa baadaye anaweza kuonekana mzuri mnadani na bado akamdhuru mlaji. Ndiyo maana barafu ya ufukweni, hata iwe nyingi kiasi gani, haiwezi kuchukua nafasi ya barafu ya botini.

Katika Ziwa Victoria jambo hili lilitatuliwa kwa mpango mwingine. Viwanda vya sangara vya Mwanza na Musoma hupeleka boti za kukusanya zenye makasha makubwa ya barafu hadi visiwani, zikapokea samaki kutoka kwenye mitumbwi, na masharti ya ubora yalikazwa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpango huo hutegemea kiwanda kimoja kinachonunua samaki wa aina moja kwa wingi. Mvuvi wa Mbweni hurudi na changu wawili, tasi, kolekole na fungu la vibua, na huuza mwenyewe ufukweni au kwa dalali. Kwake kasha lazima liwe ndani ya boti inayovua.

Baada ya kila safari kasha huoshwa kwa maji safi na sabuni, husuuzwa kwa maji yenye klorini kidogo, na huachwa wazi likauke. Mipasuko ya faiba huzibwa siku hiyo hiyo inapoonekana. Afya ya kuta hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulipima kasha uzito likiwa jipya na kuandika namba hiyo chini ya mfuniko. Likiongezeka kilo kadhaa baada ya msimu, povu limekunywa maji. Ya pili ni kutia kilo 20 za barafu ndani ya kasha lililokwisha kupozwa, kulifunga kivulini saa 24, kisha kuyapima maji yaliyotoka. Kasha la lita 300 lenye povu zima la sentimita 5 litatoa lita 12 hivi. Likifika lita 18, kuta zimeanza kulowa. Barafu yote ikiwa imeyeyuka kabla ya siku kwisha, tabaka la ndani livuliwe na povu libadilishwe.